Kila Aliyemo Humu

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili ishirini na nne, wiki ya pili ya mwezi Mei, na mvua ya masika ilikuwa imeikalia Likoni tangu Jumapili. Haikuwa mvua ya kishindo. Ilikuwa ya manyunyu, ile iingiayo taratibu ndani ya magodoro na ndani ya vifua vya watoto.

Ijumaa alasiri simu ilimkuta mzee Gershom sebuleni mwake, Timbwani. Kwamba nyumba aliyoipanga kwa miaka kumi na mmoja ilikuwa imeuzwa, hilo alilijua. Asilolijua ni kuwa mnunuzi alikuwa amekwisha kukodi tingatinga, nalo lingefika kesho yake asubuhi kuibomoa.

Mtu mwingine angelalama. Gershom alichukua chaki. Kabla ya kustaafu alikuwa mkadiriaji wa hasara katika kampuni ya bima, na alipenda kila kitu kiwe mahali pake. Mkewe Nduku alivifunga vyombo kwa magazeti na kanga kuukuu. Yeye akayakaza maboksi kwa kamba na kuyaandika ubavuni: jikoni, vitabu, nguo za Fancy.

Fancy alikuwa mjukuu wao, wa miaka sita, aliyeachwa kwao na mamaye, binti yao Lynnette, aliyekwenda kufanya kazi Doha. Alikuwa na pumu. Kifua chake kilipiga filimbi nyembamba usiku kucha, na Gershom alikuwa amezoea kulala akiisikiliza. Ilipokatika, aliamka.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mawingu pale bibi wa nyumba ya jirani alipopiga hodi, chetezo kikifuka udi mkononi mwake.

"Shikamoo, Bi Mwanasaumu."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo mwahama magharibi hivi, kama wezi?"

"Tumefukuzwa kama wezi, mama."

"Yule mwenye nyumba wako, Boga mpwa wangu, nilimwambia akuuzie wewe."

"Alitaka milioni moja na laki nane. Nyumba bila ardhi, kuta za udongo. Niliikadiria, haikufika laki tisa."

Bibi aliupunga moshi kuelekea kwenye stoo, chumba kidogo kisicho na dirisha ambamo Fancy alipenda kuchezea.

"Ulizihesabu kuta," alisema. "Aliyemo hukumhesabu."

Kisha akashusha sauti. Nyumba kongwe, alisema, haitokwi ovyo. Kila mtu aitwe kwa jina lake, aitike, avuke kizingiti. Wa mwisho ageuke na kumwambia mwenyeji abaki salama. Wasiite kwa jumla. Hata kwa mzaha.

Gershom alimsikiliza kwa adabu, jinsi alivyokuwa akiwasikiliza wateja waliodai kuwa moto ulijiwasha wenyewe.

Umeme ulikatika walipokuwa wakipakia. Fondo, dereva wa lori dogo, alipiga honi.

"Mzee, feri haimngoji mtu, hata awe na digrii. Au wataka tukalale foleni na mbuzi wa watu?"

Nduku alikuwa amekwisha kuingia garini. Gershom alikuwa mlangoni, boksi la mwisho kifuani, viatu vikivuja maji. Kutoka stoo aliisikia ile filimbi ya Fancy. Alikuwa amechoka, na uchovu ulimrudisha kwenye desturi ya kazini; ndivyo alivyokuwa akisema kabla ya kulifunga jengo lililoungua.

"Haya, kila aliyemo humu ndani, atoke twende."

Filimbi ilinyamaza.

Matone juu ya bati. Harufu ya udi ikazidi, ingawa chetezo kilikuwa kimeondoka zamani.

"Abee."

Fancy hakuwahi kuitika hivyo. Tangu ajue kusema, aliitika "niko."

Mtoto akatoka gizani, pole pole, akiupapasa ukuta kama anayeuaga. Alipofika kizingitini alisita. Akakivuka kwa mguu mmoja, akatazama chini, kisha akavuta wa pili. Mkono alioutia katika kiganja cha Gershom ulikuwa baridi, na ulinukia udongo uliotoka kuchimbwa.

Walivuka kwa feri, wakapita mjini, wakafika Bombolulu walikokuwa wamepata vyumba viwili vya kupanga. Mtoto alilazwa juu ya godoro lisilotandikwa.

"Msikilize," Nduku alinong'ona, uso umemchangamka. "Kifua kimefunguka. Huku hakuna ule unyevu wa Likoni."

Gershom alikuwa akisikiliza. Hakusikia kitu.

Kulipopambazuka alimkuta mtoto ameketi juu ya boksi la nguo zake, mgongo wima, akimtazama.

"Babu," aliuliza, "Mwanasaumu alizeeka lini?"

Gershom alimteremsha. Alilifungua boksi akaitafuta ile dawa ya kuvuta, kichupa cha buluu ambacho Fancy hakutengana nacho. Hakikuwamo. Akachukua mwavuli, akaondoka bila kunywa chai.

Tingatinga lilikuwa limefika Timbwani, injini ikinguruma. Mnunuzi, kijana aitwaye Kiponda, alikuwa amejibanza chini ya paa la duka akipiga simu. Gershom alimpita bila salamu. Nyumba ilikuwa tupu, sakafu ina alama za makabati yaliyoondolewa.

Alisimama mbele ya stoo.

Filimbi.

Nyembamba. Ya kukatika na kurudi. Aliijua kama alivyoyajua mapigo ya moyo wake.

"Fancy?"

"Niko, Babu. Umenisahau."

Alimulika kwa simu. Kuta nne. Hapakuwa na mtoto. Kichupa cha buluu kilikuwa sakafuni. Alipokiokota, mdomo wa kichupa ulikuwa umelowa mate, na ulikuwa bado una joto.

Bi Mwanasaumu alikuwa barazani kwake. Alimtazama mara moja tu, kisha akauliza, "Uliita vipi?"

Gershom alimweleza. Bibi aliketi.

"Nilicheza naye kombolela, mimi mdogo. Yeye hakuwahi kukivuka kizingiti, kwa kuwa hakuna aliyepata kumwambia njoo."

"Nimrudishe?"

"Mwite kwa upole, ukiweza. Usimburure. Mwili aliouvaa ni wa mtoto wako."

"Na nyumba ikivunjwa, huyu wangu..."

Bibi aliligeukia tingatinga.

Gershom alimpigia mkewe amlete mtoto. Nduku alikwenda kumwambia, kisha akarudi simuni.

"Nimemwambia twende Likoni," alisema, sauti imembadilika. "Amenishika mkono, Baba Lynnette. Kwa nguvu hizo... Ameniambia, mimi sirudi. Nimemgusa kifua. Mbona ni baridi?"

Mkono wa tingatinga ukainuka. Gershom aliingia mlangoni akasimama kizingitini, mvua ikimpiga usoni, na ile filimbi ikiendelea nyuma yake.

"Mzee, toka," Kiponda aliita. "Kuta za udongo hizo, zitakuua bure."

"Wataka ngapi?"

"Ngapi ya nini?"

"Ya nyumba. Kama ilivyo."

Kiponda alicheka, akamtazama dereva wa tingatinga, akataja bei ya kumfukuzia mwendawazimu. Gershom, aliyebishana na watu miaka thelathini juu ya kila kigae kilichovunjika, hakuomba apunguziwe hata senti.

Mwaka umepita. Yule wa Bombolulu anasoma vizuri, hakohoi, na Nduku hathubutu tena kubaki naye peke yake bafuni. Kila alasiri Gershom huvuka feri, hufungua stoo, huweka kichupa kipya cha dawa sakafuni, huita jina, husubiri. Hujibiwa, "Niko."

Juzi aliita, sauti ikachelewa. Aliita tena. Filimbi ilikuwa hafifu mno, na hewa ilinukia udi.

"Abee," sauti ya Fancy iliitika kutoka gizani.

Nyumba ile, aliyoikadiria kuwa haifiki laki tisa, ilikula kiinua mgongo chake chote: shilingi milioni mbili na laki saba.