Kadii na Wadudu wa Kijito

Mwaka ule wa 1956, kila asubuhi kabla ya shule, Kadii alipitia kijito cha Minjila kuwajulia hali wadudu wake. Alizamisha chekeche kuukuu kwenye matete, akaliinua taratibu, akawatazama watoto wa kereng'ende na wale mafundi wanaojijengea vijumba vya vijiti. Rafiki yake Sadia, binti wa Kiorma, aliyenywesha ndama wa kwao papo hapo, alimcheka. "Sisi twafuga ng'ombe, wewe wafuga wadudu!"

Jumamosi moja Kadii aliingiwa na tamaa ya samaki. Akatwanga majani ya utupa, sumu ya kulevya samaki, akayamwaga kijitoni. Alijua fika kwamba sumu hiyo hutiwa kwenye vidimbwi vilivyojitenga na mto, tena kwa ruhusa ya wazee, si kwenye maji ya kunywa. Lo! Kambare wanne wakaelea. Nyumbani akasema amewavua kwa ndoana.

Kesho yake visamaki vilielea tumbo juu, na chekeche likatoka tupu. Baba yake, Mramba, alipofika kijitoni akafura kwa hasira.

"Ni ndama wa kina Sadia! Wametuchafulia maji. Leo naziba hapa kwa miiba, wakanywe mto Tana!"

"Baba Kadii, Tana kuna mamba," alisema Sadia, machozi yakimlengalenga. Mramba hakumsikia. Alikwisha kukata tawi la kwanza la mgunga.

Kadii aliiogopa fimbo, lakini kumwona Sadia akilia kwa kosa lisilo lake kulimshinda.

"Baba, ngoja! Ndama hutia tope tu, na wadudu huishi na tope siku zote. Ni mimi. Nilitia utupa."

Panga likabaki hewani. "Na wale kambare niliousifu mchuzi wao?"

"Ndio hao, Baba. Nisamehe. Sadia, nisamehe."

Mramba alimwomba Sadia radhi, naye Kadii akaadhibiwa kuwachotea ndama maji ya kisima wiki nzima. Mikono ilimchubuka. Siku ya nane, maji mapya yakishuka kutoka juu, Sadia mwenyewe ndiye aliyeinua chekeche.

"Kadii! Njoo! Mtoto wa kereng'ende!"

Wakarukaruka kwa furaha. Mramba akatabasamu.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu," alisema. "Yako ingeishia kinywani mwa mamba, na angeliwa ndama wa mtu asiye na kosa. Ukikosea, sema mapema."