Masharubu Nusu na Mawazo ya Wiki Tano

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nilimnyoa jirani yangu Yoldosh masharubu upande mmoja, upande wa pili nikausahau. Nikamfuta uso, nikamwambia, "Tayari." Naye, maskini, akaenda zake bila kujitazama kwenye kioo.

Mimi ni Tursun, kinyozi hapa mjini Kokandi. Wateja wananijua kwa maneno mengi. Lakini kwa wiki tano nilikuwa kimya, kwa sababu ya mzaha mmoja.

Kwenye harusi ya binti yangu Zulhumor, wanaume tulikaa kutupiana mizaha, kama kawaida yetu. Mmoja anarusha, mwenzake anajibu, watu wanacheka. Nikamgeukia mkwe wangu Mamasoli, baba wa bwana harusi, muuza matikiti.

"Mkwe," nikasema, "matikiti yako ni kama kichwa chako. Makubwa, lakini ukiyagonga, ndani hamna kitu!"

Watu walicheka hadi wakamwaga chai. Mamasoli hakucheka. Wala hakujibu.

Basi mawazo yakaanza. Kwa nini nilisema vile? Je, atalipiza kisasi kwa binti yangu, anayeishi sasa nyumbani kwake? Je, atamrudisha nyumbani? Nikilala, nawaza. Nikiamka, ni yaleyale. Hata pilau ikapoteza ladha. Zulhumor akipiga simu, moyo unanienda mbio, nampa mama yake aongee.

"Mtoto hajambo," mke wangu Hosiyat aliniambia.

"Anatuficha," nikajibu.

Sasa turudi kwenye masharubu. Haikupita nusu saa, mke wa Yoldosh akaingia dukani. Ni dada Oydin, muuguzi wa zahanati ya mtaa wetu.

"Tursun, nusu ya mume wangu umeiweka wapi?"

Nilitaka kucheka, nikalia. Nikamweleza yote. Akavuta kiti, akakaa.

"Mara ya mwisho ulilala vizuri lini?"

"Kabla ya harusi."

"Umewahi kutamani kufa?"

"Hapana, dada. Nimechoka tu."

"Sawa. Wewe si kichaa. Kila mtu hupata wasiwasi. Lakini wewe unalitafuna jambo moja, hulimezi wala hulitemi. Unajilaumu kwa yaliyopita, unaogopa yajayo. Mwili nao unadhani uko hatarini kila saa. Ukiendelea hivi, huzuni nzito inaweza kukushika, ukaacha hata kazi unayoipenda."

"Lakini dada, nawaza ili nipate ufumbuzi!"

"Kwa wiki tano umepata upi?"

Nikaanza kukunja taulo.

"Jiulize: kuna hatua ninayoweza kuchukua leo? Kama ipo, ichukue. Kama haipo, yape mawazo robo saa yao, kila siku jioni. Yakija mapema, yaambie yasubiri, wewe rudi kwenye mkasi wako. Tembea. Ongea na watu. Na kesho njoo zahanati, daktari akuone. Mtu akikosa usingizi na furaha kwa wiki mbili, asingoje zaidi. Wewe umengoja tano."

"Na hatua ya leo ni ipi?"

"Kwanza kammalizie Yoldosh masharubu, amejifungia chumbani. Kisha nenda kwa mkwe wako."

Nilikwenda na Hosiyat, tumebeba mikate ya moto. Mamasoli alikuwa amekonda kuliko mimi.

"Mkwe, nisamehe," nikasema. "Nilikuvunjia heshima."

"Heshima gani?" akafoka. "Mzaha ulikuwa mtamu! Mimi ndiye niliyekosa jibu mbele ya watu. Tangu siku ile nalitafuta. Nikioga, nalitafuta. Nikipima matikiti, nalitafuta. Nikadhani umenidharau, ndiyo maana huji."

Tukakumbatiana kama watoto.

Siku hizi nalala. Wateja wanalalamika tena kwamba nasema sana. Kwa daktari nilikwenda mara tatu. Wasiwasi bado huja, lakini sasa unajua saa yake. Namshukuru dada Oydin. Namshukuru Hosiyat kwa uvumilivu wake. Hata masharubu ya Yoldosh nayashukuru.

Lakini pale kwa mkwe hatukuachana bila kubishana.

"Mimi ndiye niliyeteseka zaidi," nilisema. "Nilimwaza binti yangu usiku na mchana!"

"Na mimi je?" akasema Mamasoli. "Niliogopa mtoto wa watu ataona ameolewa kwenye nyumba ya huzuni!"

Zulhumor alikuwa ameingia na birika la chai, mashavu yamejaa, amenawiri.

"Baba zangu," akasema, "wiki tano mmeniwaza. Nani kati yenu aliniuliza?"