Kanda Ambayo Haikugawiwa

Watu wa pwani wakikwambia kwamba majini wote ni wa kwao, waache na majivuno yao. Sisi wa kandokando ya ziwa tunao wa kwetu, tena hawaombi halua wala marashi. Mmoja aliingia Mabatini, hapa hapa Mwanza, miaka ile biashara ilipofunguliwa na redio za kaseti kutoka Dubai zikajaa madukani. Hakupita mlangoni wala dirishani. Alipitia kwenye muziki wa roki, na aliyemfungulia ni mtu mpole aliyekuwa anamlilia mkewe.

Mtu huyo aliitwa Luhaga. Alikuwa na kibanda cha kurekodi kanda: unampelekea kanda tupu, unamtajia muziki unaoutaka, jioni unarudi kuichukua imejaa. Wenzake walirekodi rumba na dansi. Yeye alishikilia roki ya zamani, ile ya wazungu wenye nywele ndefu na magitaa yanayolia kama yanachinjwa. Kuna waliomcheka, lakini wateja hawakumkaukia. Mwanza ilikuwa imejaa watu wazima waliovaa suruali za bugaluu ujanani, ambao santuri zao zilikuwa zimepasuka, zimeazimwa zisirudi, au zimekaliwa na wageni. Kwa miaka mingi muziki huo ulikuwa haupatikani hata kwa dawa. Sasa unapatikana, tena unaingia kwenye mfuko wa shati.

Siku moja alikuja Venant, muuza spea za baiskeli wa Sengerema, ambaye kila akivuka na kivuko alipitia pale kibandani. Mkononi alikuwa na kanda aliyoinunua mwezi uliopita.

"Vipi, imekwama?" Luhaga aliuliza.

"Haijakwama. Ina mtu."

"Ina mtu kivipi?"

Venant alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Upande wa pili, wimbo wa tatu, pale magitaa yanapotulia, kuna mwanamke anacheka. Mwanzoni sikujali, nikasema ni madoido ya wazungu wenyewe. Lakini alikuwa anacheka tu, basi. Siku hizi akimaliza kucheka anavuta pumzi, kama mtu anayetaka kusema neno. Kanda inabadilikaje, Luhaga, na mimi sijaigusa?"

Mtu mwingine angeogopa. Luhaga moyo wake uliruka kwa furaha, maana kile kicheko alikijua.

Kilikuwa cha Aoko, mkewe, Mjaluo wa Shirati. Zamani, walipokuwa wawili tu na santuri moja waipendayo, Aoko aliweka redio kaseti mbele ya gramafoni ili waihifadhi santuri ile kabla haijaisha. Chumba kilikuwa kidogo, na Aoko hakuweza kunyamaza muziki ukipigwa; akaimba juu ya magitaa, akakosea maneno, akacheka. Vyote vikaingia. Mwaka uliofuata alifariki akijifungua, hata uso wa mtoto hakuuona. Santuri nayo ilivunjika. Ikabaki kanda ile, na duniani kote sauti ya Aoko ilikuwa imebaki humo tu.

Sasa sikiliza kosa. Siku ya kuanua matanga, mkeka ulitandikwa uani na vitu vya marehemu vikaletwa vyote vigawiwe ndugu: kanga, vyombo, viatu, hadi chanuo lake la moto la kunyooshea nywele. Ndivyo inavyofanywa, marehemu asibaki ana deni na kitu chochote hapa juu. Mwishoni mama mkwe aliuliza, "Baba, kuna kingine cha mwanangu kilichobaki?" Luhaga akajibu, "Hakuna, mama." Kanda ilikuwa mfukoni mwa koti lake. Akamdanganya mama mfiwa usoni, na miaka tisa ikapita kimya. Wateja walipoanza kuililia ile santuri, akaitoa kanda yake, akaanza kuirudufu na kuiuza. Alifurahi kusikia Aoko akicheka kwenye vibanda vya chipsi.

Venant alipoondoka, Luhaga alifunga mlango akaiweka kanda yenyewe, ile mama iliyozaa nakala zote. Magitaa yakalia, yakatulia. Kicheko. Pumzi ikavutwa. Kisha sauti ya Aoko ikasema polepole, karibu kabisa na sikio lake:

"Baba Precious."

Luhaga alilia mpaka akapiga magoti. Tangu siku hiyo ile kanda haikulala kibandani. Kila jioni aliipeleka nyumbani, akamwita binti yake, wakakaa wawili mbele ya redio. Precious alikuwa darasa la pili, mtoto msemaji, akianza habari za shule hamalizi. Mama yake alikuwa anamjua kwa picha moja tu. Aliposikia jina lake likitajwa na sauti ile, aliruka juu.

"Baba, mama ananijua!"

"Anakujua, mwanangu."

Mtoto akaanza kuisimulia redio mambo yake yote. Redio ikawa inasikiliza, ikawa inaitikia "Mmh," na "Halafu?" Chumbani kukaingia harufu ya mafuta ya nywele na chanuo la moto, harufu ya Aoko akijiandaa kwenda dansini. Luhaga alifumba macho, akaivuta puani. Hakujiuliza kwa nini kila jioni harufu ile ilizidi kuwa ya nywele zinazoungua.

Baada ya wiki kadhaa Precious alianza kukwaruza koo. Kisha akawa ananong'ona. Kisha midomo ikawa inacheza na sauti haitoki. Hospitali walimchunguza koo wakalikuta zima, wakasema isubiriwe, sauti itarudi yenyewe. Janet, mdogo wake Aoko, ambaye ndiye aliyemlea mtoto yule tangu kitandani, alirudi kutoka msibani Shirati akamkuta hivyo. Alimshika uso akamgeuza huku na huku.

"Shemeji, umemfanya nini mtoto wangu?"

"Ni mafua tu."

"Mafua gani yanayonuka nywele?"

Luhaga akaenda zake kibandani, wala habari za kanda hakumwambia.

Jioni iliyofuata umeme ulikatika Mabatini nzima. Luhaga, ambaye siku hiyo kanda alikuwa ameisahau nyumbani redioni, alifunga kibanda mapema, na alipokaribia nyumba yake akasikia sauti ya Precious, safi kama zamani, ikisema sala ya chakula aliyofundishwa na Janet, na kwa furaha akasahau uchovu wake akakimbia, akasukuma mlango, akamkuta mtoto amekaa kwenye kigoda kinywa kimefumbwa kabisa na machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, na sala ikaendelea, ikaendelea kutoka kwenye redio iliyokuwa mezani na waya wake umening'inia bila kuchomekwa popote na mahali pa betri pako wazi patupu, na magurudumu ya kanda yalikuwa yanazunguka, na sala ilipofika "Amina" ile sauti ya mtoto ikacheka kicheko cha Aoko. Nyuma yake Janet alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Shemeji," alinong'ona, "hiyo si sauti ya dada. Dada hakuwa anakula sauti za watu."

Jumapili, misa ilipokwisha, Janet alimleta Suzana. Huyu alikuwa muuza dagaa wa soko la Mkuyuni, mwanakwaya wa sauti ya tatu, na watu walimfuata kimyakimya kwa mambo ambayo padri hakupenda kuyasikia. Alikuja bado na sare ya kwaya.

"Shikamoo mama," Luhaga alisema.

"Marahaba. Nionyeshe." Akaitazama kanda bila kuigusa. "Ya nani hii?"

"Yangu."

"Nani alikupa?"

Luhaga akainamisha kichwa. Janet alimkodolea macho, na taratibu akaelewa. "Shemeji! Siku ile mama alikuuliza. Alikuuliza mbele ya watu!"

"Ningempa nini, Janet? Sauti yake? Mngeigawana vipi?"

"Kelele," Suzana alisema, ingawa kwa upole. "Kitu cha marehemu kisichogawiwa ni nyumba isiyo na mwenyewe, baba. Marehemu hakai humo. Anaingia mpita njia. Nawe ukaichukua nyumba hiyo ukaisambaza mjini, kila kanda ukamfungulia dirisha. Sasa amechoka kukaa kwenye kanda. Anataka koo."

"Lakini ni yeye," Luhaga alisema. "Mama, mimi namjua mke wangu. Ananiita."

"Anakuitaje?"

"Baba Precious."

Suzana akamsogelea. "Na mtoto ulimpa jina lini?"

"Baada ya mazishi. Makaburini, watu walipoondoka."

"Basi mkeo alikufa hajui kama yupo Precious. Marehemu hutuita kwa jina alilotuachia. Aliyekuita hivyo alikuwepo siku ile makaburini, anasikiliza." Akateremsha sauti zaidi. "Mkeo mwenyewe alikuitaje?"

"Luhaga. Luhaga tu," akasema, akaanza kulia kama mtoto.

Walikwenda kibandani mchana ule ule pamoja na Precious, jua likiwaka na watu wakipita. Suzana alitandika mkeka. Luhaga akamkabidhi Janet kanda mbele ya shahidi, akataja jina la aliyefariki, akaomba radhi kwa mama mkwe ambaye naye sasa ni marehemu. Janet akaipokea kwa mikono miwili, kisha akamrudishia.

"Aliyeificha ndiye atakayeifuta," Suzana alisema. "Irekodi kimya, upande wa kwanza na wa pili. Wala usiombe kuisikia mara ya mwisho. Ukiisikiliza, umemkaribisha."

Luhaga alichomoa waya za spika, akaiweka kanda kwenye deki, akabonyeza kitufe chekundu. Upande wa kwanza ulipita salama. Wa pili ulipoanza, spika zile zisizo na waya zikakohoa.

"Baba Precious," zikasema. Hakuna aliyeitika. Zikaita tena kwa ukali, zikaita kwa sauti ya mtoto, zikasema sala, zikatukana matusi ambayo hata wavuvi wa mwaloni, kule wanakoshushia samaki, wangeziba masikio, na harufu ya nywele zinazoungua ikajaa kibanda mpaka Janet akaficha uso kwenye kanga, na Precious kwenye benchi akajishika koo akitweta, na Suzana akawa anaimba wimbo wa kwaya chini chini bila kupumzika, na kanda ikazunguka, ikazunguka, ikafika mahali pa wimbo wa tatu, na hapo vishindo vyote vikakoma ghafla.

Ikatoka sauti ndogo, iliyochoka, yenye kucheka kidogo ndani yake.

"Luhaga."

Mkono wake ulienda wenyewe kwenye kitufe cha kuzimia.

"Luhaga, ni mimi. Yule alikuwa amenikalia mbele, nilikuwa sipati njia. Sasa nimepata. Usinifute."

"Amekusikia ukilitaja jina hilo," Suzana alisema kwa haraka. "Amelisikia kwako, baba!"

"Na kama siye? Mama, na kama kweli ni yeye?"

Hapo hakuna aliyejua, na mimi ninayekusimulia pia sijui. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Alimtazama binti yake. Precious alikuwa amepanua mdomo, mishipa ya shingo imesimama, na kadiri kanda ilivyozunguka ndivyo kitu kilivyokuwa kikitoka kwenye koo lake, kipande kwa kipande, mkwaruzo, kisha pumzi, kisha "Ba".

"Usinifute, Luhaga. Nitakuwa sina mahali."

Luhaga aliuondoa mkono. Aliukalia, kwa kuwa hakuuamini. Alisikiliza mpaka sauti ile ikawa nyembamba, ikawa upepo, na kanda ikafika mwisho ikajizima yenyewe.

"Baba!" Precious alipiga kelele, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Luhaga akawa tena na mtoto msemaji. Janet alimkumbatia, akamshukuru Mungu kwa Kijaluo na kwa Kiswahili. Suzana alikunja mkeka wake, akasema dagaa wake wataharibika, akaondoka.

Ungedhani Luhaga alifurahi, na kwa mtoto alifurahi kweli. Lakini wiki ile ile alipanda kivuko kwenda Sengerema, akamsihi Venant amwekee kanda yake. Wimbo wa tatu ukafika, magitaa yakatulia, na pale palipokuwa na kicheko palikuwa kimya. Venant alisema afadhali, sasa muziki ni safi. Luhaga alizunguka mji wote kwa wateja wake, vinyozi, wauza chipsi, akiomba kusikiliza dakika moja tu. Roki ilikuwa inapatikana kila kona ya Mwanza. Aoko hakuwemo hata kwenye moja.

Jioni moja Precious alikuwa anasukwa nywele uani. Akauliza kwa sauti yake nzuri, "Baba, mama mwenyewe, yule wa kweli, alikuwa na sauti gani?"

Luhaga alifungua mdomo amwigizie. Akamtafuta Aoko siku waliyokutana dansini, na akamwona, midomo inacheza, macho yanacheka. Akamtafuta siku ya harusi. Akamtafuta jikoni, kanisani, kitandani akiwa na mimba. Kila mahali alimwona vizuri kabisa, na kila mahali Aoko alipofumbua kinywa, neno lililotoka lilikuwa moja tu.

"Usinifute."

"Sikumbuki, mwanangu," Luhaga alimjibu, akaingia ndani kabla mtoto hajamwona uso.