Kundi la Katikati

Soko la mifugo la Garissa lilikuwa limechangamka asubuhi ile, vumbi mpaka kwenye kope. Filsan, mwalimu wa hesabu chuoni, alikuwa na abaya nyeusi na mtandio wa rangi ya komamanga, akiwauliza wafanyabiashara, waliomzoea kwa jina la mwalimu, afya za ngamia wao na kuwapanga ngamia hao kwa makundi katika daftari la utafiti wake. Akirudi nyuma kumkwepa ngamia mmoja, akamgonga kijana mrefu aliyevaa kikoi cha buluu.

"Pole, abaayo, dada yangu. Ngamia wangu hajui kuwaheshimu walimu."

"Amewahi kuchanjwa?"

"Aliyeniuzia hakusema. Sasa utampanga wapi?"

Filsan akamweleza. Kuna ngamia ambao ni wagonjwa bila shaka, kuna wazima, na kuna wa katikati, ambao habari zao hazijatimia. Hao hesabu inakataza kuwasukuma upande wowote kwa kubahatisha; hungojewa.

"Na mimi Mursal, uniweke kundi gani?"

"La wasumbufu. Hapo sina shaka!"

Mapenzi yaliyoanza kwa utani yakakolea upesi. Kila jioni simu: "Macaanto, mtamu wangu, umekula?" Lakini Mursal alikuwa na safari zake za kwao, Liboi, na akiwa huko simu hapokei. Akiulizwa husema, "Mambo ya nyumbani tu," kisha anageuza maneno. Dalili ya mvua ni mawingu, Filsan akajiambia, na usingizi ukampaa.

Siku moja akapiga, ikapokelewa na mtoto.

"Aabo yuko nje na mama."

Aabo, yaani baba! Filsan akakata simu. Yeye anayefundisha watu kungoja hakungoja hata kidogo: ana mke, ana mtoto, mwongo mkubwa! Akaifungia namba yake.

Mursal akamfuata mpaka lango la chuo, shati limejikunja kwa safari.

"Mkeo hajambo?" Filsan akamwuliza kwa ukali.

"Mke yupi?"

"Wa Liboi. Mtoto anakuita baba, nimesikia kwa masikio yangu."

Mursal akainamisha kichwa. "Ruweyda ni mjane wa kaka yangu, na mtoto ni wa marehemu; mimi ndiye baba anayemjua. Wazee wanataka nimrithi, ndiyo mila yetu. Nilikuwa naenda kuwaomba waniachilie."

"Na mimi ukanificha?"

"Niliogopa utaniacha kabla hawajanijibu."

"Nilikuhukumu mapema, nakiri. Lakini ngamia hana ulimi, Mursal. Wewe unao! Nitajuaje kwamba hata hili si uongo?"

Mursal akapiga namba ya Ruweyda, akampa simu.

"Wewe ndiye Filsan?" Sauti ya mwanamke ilikuwa kavu. "Shemeji yangu simtaki, wallahi, na wazee nimewaambia mwenyewe. Jana wamekubali. Ila mimi nitaolewa kwingine, na mtoto ni wa ukoo wao. Atakuja kwa Mursal. Utamlea, au utamtesa?"

Filsan akaishika simu kwa mikono miwili. Alikuwa amemchukia mtoto yule bila kumwona, na sasa aibu ilimchoma. Akamtazama Mursal, naye Mursal hakuthubutu kuinua macho.

"Anaitwa nani?"

"Salad."

"Anapenda kula nini?"

Ruweyda alitaka kujibu, kilio kikamshika. Filsan naye machozi yakamtoka. Akafunika simu kwa kiganja, akamgeukia Mursal.

"Peleka wazee kwa baba yangu. Na wasifiche kitu. Wamwambie mnaokuja kwangu ni wawili."