Bibi Hakugeuzwa

Kila siku akitoka shule, Kalamu alipitia nyumba ya kutunzia wazee. Aliingia kwa mlango wa nyuma, karibu na chumba cha kufulia, akanawa mikono, kisha akaenda chumba cha sita kukaa na bibi yake. Jina la Kalamu alipewa na wenzake darasani kwa ajili ya mwandiko wake mzuri.

Bibi alikuwa amepooza upande mmoja, na maneno yalimtoka kwa shida. Mgonjwa wa namna hiyo hugeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili, la sivyo nyama huoza pale alipolalia. Kila mzee alikuwa na fomu ya kuandikia saa aliyogeuzwa. Mama yake Kalamu, binti wa bibi huyo, alikuwa mhudumu hapo, ndiyo sababu bibi alipokelewa. Wahudumu walikuwa wawili, wazee ishirini na sita. Piga hesabu mwenyewe.

Jumatatu moja matroni, mkuu wa wahudumu, alipata habari kwamba mkaguzi angekuja Alhamisi. Alipofungua kabati alikuta fomu zina mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Akamwamuru mama azijaze zote. Mama alizibeba nyumbani, lakini mgongo ulimuuma hata kukaa hakuweza. Akamwomba binti yake amsaidie.

Kalamu aliuliza kama huo si uongo.

"Ni karatasi tu, mwanangu," mama alisema. "Nikifukuzwa mimi, na bibi yako anatoka. Tutamweka wapi, juu ya kabati?"

Kalamu akaandika. Alipofika kwenye fomu ya bibi, mkono ulisita. Ijumaa, saa kumi jioni: amegeuzwa kulia. Ijumaa saa kumi yeye mwenyewe alikuwa ameketi kando ya kitanda kile, na hakuja mtu. Aliandika hivyo hivyo.

Jumatano alisikia harufu mbaya chumbani. Akainua shuka. Kwenye nyonga ya bibi palikuwa na kidonda kikubwa kama kifuniko cha chupa, cheusi katikati. Alimkimbilia mama. Mama alijifungia stoo ya mashuka akalia, kisha akamsihi anyamaze mpaka mkaguzi aondoke, ndipo amtafute daktari.

Alhamisi mkaguzi alifika, mwanamke mmoja mfupi asiye na haraka. Alisoma fomu moja baada ya nyingine, akasema hajaona kumbukumbu safi namna ile. Alasiri akasimama mlangoni pa chumba cha sita, akamwamkia bibi, akatazama shuka jeupe, akageuka aende zake. Bibi akaguna. Kalamu alimtazama mama. Mama alikuwa anatazama sakafu.

"Fomu nimeziandika mimi," Kalamu alisema. "Bibi hakugeuzwa. Mfunue uone."

Matroni alicheka, akasema watoto wa siku hizi wana maneno. Mkaguzi hakucheka. Alivaa glavu, akafunua.

Daktari aliitwa saa ile ile. Alisema zingepita siku mbili tu, sumu ingeingia kwenye damu. Matroni alisimamishwa kazi. Mama alipewa barua ya onyo, na kwa siku tatu hakumsemesha binti yake. Kalamu alikula peke yake, akiamini kwamba amewaangamiza wote.

Mwenye nyumba ile alipewa mwezi mmoja kuongeza wahudumu wanne. Mwezi ulipokwisha, mkaguzi alirudi bila taarifa. Safari hii hakuomba karatasi. Alianza vitandani, akafunua kila mzee. Kidonda cha bibi kilikuwa kimeanza kuziba, chekundu na safi.

Aliwakuta Kalamu na mama yake hapo, akasema nao bila kuzungusha maneno.

"Yale mapengo kwenye fomu yangeniambia kwamba wahudumu hawatoshi. Mliyajaza, mkanificha kitu pekee ambacho kingewasaidia. Kazi usiyoifanya, acha wazi palipo wazi, watu waone."

Mama aliitikia kwa kichwa. Kisha akamshika Kalamu bega. "Nilikuwa namwogopa matroni kuliko nilivyomwogopea mama yangu mzazi," alisema. "Wewe, mwanangu, usije ukawa hivyo."