Mwendo wa Sajini Okullo

Mashine haikuwa na kasoro. Oyugi, fundi wa maabara, Mkenya asiyependa mzaha kazini, aliikagua mara mbili kabla ya kufungua mdomo.

"Daktari, hii iko sawa. Ni wewe unaburuta mguu."

Acen akacheka. Udaktari wenyewe ulikuwa bado. Alibakiza mwaka mmoja wa shahada ya uzamivu, akichunguza jinsi ubongo uliopigwa na kiharusi unavyojifunza upya kutembea. Mchana ule alijibandika vihisio vya kupima mwendo miguuni ili kuijaribu mashine tu. Miguu yake ilikuwa mizima. Lakini mistari kwenye kompyuta ilikuwa ya mtu anayeburuta mguu wa kushoto, na Acen aliitambua papo hapo. Ulikuwa mwendo wa baba yake, naye baba yake alikuwa amekufa.

Baba huyo, Sajini mstaafu Okullo, ndiye aliyekuwa mgonjwa wake wa kwanza kumpima. Siku ya mwisho pale maabarani mzee alisema, "Mimi nachoka, toto yangu." Naye msomi wetu akambembeleza: "Baba, mzunguko mmoja tu." Mzee akatembea. Siku ya tatu wakamzika. Tangu hapo Acen hakulia mbele ya mtu. Kila asubuhi alijifungia, akaitazama rekodi ya mwendo ule kwenye kompyuta huku machozi yakimtiririka, na akitoka anasema alikuwa kazini. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Basi yakaanza. Harufu ya rangi ya buti ikawa inamtangulia koridoni, na nyuma yake hatua moja nzito, moja ya kukwaruza sakafu. Kisha Jumanne moja saa nane mchana, mvua ikinyesha, mlango umefungwa na vihisio vyote vimelala sandukuni, kompyuta ikaanza kuchora yenyewe, hatua baada ya hatua, mguu mzima na mguu wa kuburutwa, zikija upande wake, zikija, hata akahisi pumzi ya baridi shingoni na sauti ya baba yake ikamnong'oneza, "Mzunguko moja tu," na mguu wake wa kushoto ukafa ganzi mpaka nyongani.

Bi Zubaida, mjane wa askari aliyekuwa jirani yao kambini zamani, alimsomea Kurani nyumbani kwake Old Kampala hadi jasho likamtoka. Akafunga msahafu.

"Bambi, pole, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu si Okullo. Okullo amelala. Huyu ni jini. Alikuta wewe unalia juu ya ile tembea yake kila siku, akaivaa."

"Anataka nini, Mama?"

"Mguu yako. Halafu ile ingine. Futa ile rekodi, akose kitu ya kuvaa. Usimwamshe aliyelala…"

"Ukimwamsha, utalala wewe," Acen akamalizia.

Kesho yake alichechemea hadi maabarani. Oyugi akamfungulia kompyuta.

"Futa, Daktari. Tuko na wagonjwa wengine thelathini. Utafiti utaendelea bila yeye."

Hilo Acen alilijua. Kidole kikakaa juu ya kitufe. Picha za baba yake zilikuwepo nyumbani, lakini picha hazitembei. Dunia nzima Okullo alitembea mle rekodini tu, na mle mlikuwa na ule mzunguko wa mwisho aliomlazimisha. Akiufuta, msamaha atamwomba nani?

"Nipishe kidogo, Oyugi."

Oyugi alipotoka, harufu ya rangi ya buti ikajaa chumbani. Acen alijua si baba yake. Aliambiwa, na aliamini. Hata hivyo akaondoa kidole, akainuka, akanyoosha mkono kama anayemshika mzee kiwiko.

"Pole pole, Baba," akasema huku akilia. "Ukichoka tutapumzika."

Walipofika ukutani na kugeuka, mguu wake wa kulia nao ulikuwa unaburutwa.