Aliyepiga Gitaa Kwenye Simu

Ilikuwa siku ya soko mwaka 1958, na watu walijaa stesheni ya Same hadi nje ya uzio. Treni ya Tanga ilikuwa imeshusha magunia ya chumvi, mabati, na sanduku moja refu jeusi. Wapagazi waliulizana kama ni bunduki ya Bwana DC. Kumbe ndani mlikuwa na gitaa la umeme, jekundu kama pilipili iliyoiva, lililoagizwa na Hezroni, kiongozi wa bendi ya dansi ya Moshi, kupitia duka la redio la Mzee Isihaka.

Saa nne asubuhi gitaa lilikuwa mezani kwa Tumainieli, fundi wa duka. Alikuwa kijana wa Usangi mwenye miaka ishirini na sita, mrefu, amevaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi vizuri, na penseli nyuma ya sikio. Redio hakuna asiyoweza kuifufua. Gitaa hakulijua kabisa. Lakini Hezroni alitaka lijaribiwe kabla hajalifuata, na mwenye kujaribu vitu pale alikuwa yeye.

Alichomeka waya kwenye spika. Injini ya umeme ilikuwa inanguruma uani. Akazikwaruza nyuzi zote kwa pamoja, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mbuzi aliyekanyagwa mguu. Wateja wakacheka. Kicheko kimoja, cha mwanamke aliyesimama mlangoni, kilichelewa kuisha.

"Bwana fundi, linaumwa wapi?"

"Haliumwi, dada. Ni jipya."

"Basi mgonjwa ni mwingine."

Tumainieli aliinua macho. Alimwona binti aliyevaa gauni la pamba lenye maua madogo ya zambarau, mkanda mwembamba kiunoni, raba nyeupe zilizopakwa chaki, na kitambaa cha buluu kichwani. Jina lake lilikuwa Raheli. Alikuwa nesi katika hospitali ya misheni huko Gonja, na alikuwa akisubiri basi la saa nane limrudishe kazini.

"Wewe unajua kupiga?" Tumainieli aliuliza.

"Mjomba wangu alirudi na gitaa kutoka vitani Burma. Nilijua kulipiga kabla sijajua kupika makande."

"Basi nisaidie, tafadhali."

"Hapa? Mbele ya soko zima? Baba yangu ni mwalimu wa kwaya, bwana. Habari zitafika Gonja kabla ya basi."

"Si kupiga. Ni kupima tu, kama unavyompima mgonjwa homa."

"Nyie watu wa Usangi kwa maneno!" Raheli alisema, akiitambua lafudhi yake, lakini tayari alikuwa anavuta kreti akae.

Alizikaza nyuzi moja moja huku ameinamisha sikio. Tumainieli alimweleza yale aliyoyasoma katika karatasi iliyokuja na sanduku. Kitufe hiki kinapunguza sauti, hiki kinaifanya iwe nzito au nyembamba. Swichi hii inachagua sumaku inayonasa sauti, ya karibu na shingo ya gitaa au ya karibu na mkono wa mpigaji.

"Na hiki chuma kinachoning'inia?"

"Hicho hata karatasi sikuielewa."

Raheli alipiga uzi mmoja, akakisukuma kile chuma taratibu. Sauti ililegea, ikazama, kisha ikapanda tena, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde na upepo ukauyumbisha wito wake. Wateja walirudi nyuma hatua moja. Raheli mwenyewe alitoa mkono haraka.

"Linatisha kidogo," alisema.

"Kwa nini?"

"La mjomba lazima ulipige kwa nguvu ndipo lisikike. Hili ukiligusa tu linasema. Hata kosa lako dogo litasikika." Akafikiri kidogo. "Lakini hata jambo dogo zuri litasikika pia."

Tumainieli hakuwa amewahi kumsikia mtu akizungumzia chombo namna hiyo. Alitaka aendelee kuongea, hata basi lingempita.

Simu ya duka ikalia. Ilikuwa Moshi.

"Limefika?" sauti ya Hezroni ilikwaruza. "Nataka kulisikia sasa hivi. Weka simu karibu na spika, mtu apige!"

Tumainieli aliusogeza mkono wa simu na kumtazama Raheli kwa macho ya kuomba. Raheli aligeuka, akaona watu wamejaa mlangoni, akashusha pumzi. Kisha akapiga wimbo wa msaragambo, ule wanaouimba akina mama wa milimani wanapotoka pamoja kuzibua mifereji ya maji. Aliuanza chini chini, akauachia, na mwisho wa kila mstari aliutetemesha kwa kile chuma. Mama mmoja muuza tangawizi aliweka kapu lake chini akaanza kuitikia.

Alipomaliza, Hezroni alikuwa anapiga kelele kwenye simu. "Nani huyo? Miaka yote natafuta vidole kama hivyo! Nani huyo?"

Mambo mawili yalimpitia Tumainieli kwa wakati mmoja. La kwanza, huyu ni binti wa mwalimu wa kwaya, na jina lake likishaingia katika bendi ya dansi halitatoka. La pili, yeye mwenyewe hajawahi maishani kusifiwa na mtu kwa sauti kubwa kiasi kile.

"Mimi, bwana," alisema. "Ni mimi mwenyewe."

Raheli alisikia. Alilaza gitaa mezani polepole, akachukua kikapu chake.

"Dada, ngoja nikueleze..."

"Umekwisha eleza, bwana mpiga gitaa."

Akaenda kusimama juani penye basi, saa tatu nzima kabla ya kuondoka kwake, na hakugeuka hata mara moja.

Siku zilizofuata Tumainieli alitengeneza redio nne na kuziharibu mbili. Alimwandikia Raheli barua, akaipeleka kwa kondakta wa basi la Gonja. Jibu lilikuja likiwa mstari mmoja: *Bwana mpiga gitaa, mimi ni nesi tu, sina la kukufundisha.* Aliusoma mara nyingi. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hata hasira yake ilikuwa na mwandiko mzuri.

Hezroni naye alipiga simu kila baada ya siku mbili. "Kijana wangu, nimekuandalia nafasi. Nakuja Jumamosi kukuchukua pamoja na gitaa."

"Bwana Hezroni, kuna jambo..."

"Mambo tutaongea nikifika!"

Jumamosi alishuka kwenye treni katika suti ya kijivu na viatu vya rangi mbili. Watu walimfuata hadi dukani. Alimpa Tumainieli gitaa mbele ya wote, akakunja mikono.

"Haya. Ule ule wa kwenye simu."

Tumainieli alilishika. Mzee Isihaka, aliyekuwa ameyajua yote tangu siku ya kwanza na akakaa kimya, alitazama pembeni kumsitiri.

"Sijui kupiga," Tumainieli alisema. "Sikupiga mimi. Aliyepiga ni nesi wa Gonja, na mimi nikakudanganya."

Mtu mmoja alicheka, akaacha. Hezroni alimsogelea Tumainieli.

"Kijana, kuna watu huiba kuku, kuna watu huiba ng'ombe. Wewe umeiba vidole vya mtu." Akalichukua gitaa lake. "Ukimwona, mwambie namtafuta. Yeye, si wewe."

Jumapili alfajiri Tumainieli alipanda lori la mbao lililokuwa linaelekea Gonja. Liliharibika njiani, akamalizia kilima kwa miguu. Alifika kanisani watu wakitoka ibadani, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu na shati limemganda mgongoni. Raheli alimwona kutoka mbali. Alitaka kupita, lakini miguu ilisimama.

"Umekuja kutibiwa?"

"Nimekuja kuomba radhi. Nimeshamwambia Hezroni ukweli, mbele ya watu."

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Nilitaka kukulinda. Baba yako..."

"Nilikuomba unilinde?"

Tumainieli alijifuta jasho. Angeweza kuishia pale, na pengine angesamehewa nusu. "Hapana," alisema. "Na si hilo tu. Alivyosifu, nilipenda. Kwa dakika ile nilitaka niwe mimi."

Raheli alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu afike. "Afadhali hilo la pili," alisema polepole. "La kwanza wanaume wote husema. Unajua kilichoniuma? Nilipokuwa napiga, nilijisikia niko pale kweli, mzima mzima. Halafu kwa neno moja ukanifuta."

"Najua."

"Hujui. Lakini angalau umetembea."

Mzee Ebenezer, baba yake, alikuwa amewakaribia, kitabu cha nyimbo kwapani.

"Shikamoo, mzee," Tumainieli alisema.

"Marahaba." Mzee alimgeukia binti yake. "Huyu ndiye aliyejifanya wewe?"

Tumainieli alishtuka. Kumbe Raheli alikuwa amemwambia baba yake kila kitu, jioni ile ile aliyorudi.

"Ndiye, baba."

"Na amepanda kilima mwenyewe kuja kulisema?"

"Amepanda."

Mzee alivitazama vile viatu vyenye vumbi. "Basi apewe makande, asije akaanguka njiani tukalaumiwa." Akaenda zake.

Raheli alimwandikia Hezroni kwa jina lake mwenyewe. Kazi ya unesi hakuiacha, ila mara mbili mwaka ule alikwenda Moshi wakati wa likizo, akapiga jukwaani mchana kweupe, na mzee Ebenezer alikaa kiti cha mbele na koti lake la ibada. Tumainieli alipanda Gonja kila mwisho wa mwezi. Walitembea kando ya mifereji wakibishana juu ya nyimbo na nyaya, na siku moja, mvua ya vuli ikiwa imewakamata chini ya banda la kahawa, alimwuliza.

"Mpenzi, nikiwatuma wazee wangu waje nyumbani?"

"Watume," Raheli alisema. "Lakini mafumbo sitaki. Wasiseme wameona ua, wala mbuzi wao amepotelea kwetu. Wakiulizwa wamemfuata nani, wanitaje."

Wazee wa Usangi walikuja mwezi wa kwanza pamoja na Tumainieli, wakakaa kwenye viti vilivyopangwa uani. Msemaji wao alikohoa, akaanza kwa mazoea, "Sisi tumepita tu, tukaona ua..." Tumainieli akamgusa kiwiko. Mzee akasita, akacheka kidogo, akavua kofia.

"Tumemfuata Raheli," alisema.

Jikoni, Raheli alisimama na mwiko mkononi, akaacha jina lake lipite mlangoni, ndipo akatoka kuwaamkia.